Rangi ya Gauni la Jenipher

Jua la saa nne asubuhi lilikuwa moja, na watu wawili walilitaka pale pale mlangoni.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho kabla ya Pasaka, na duka la Mzee Ranjan Hirji, mtaa wa nyuma ya soko la Singida mjini, lilikuwa limejaa akina mama mpaka kwenye ngazi. Huyu anataka kitenge, yule anataka satini ya nguo za watoto, na kila mmoja anataka ahudumiwe yeye kwanza. Emiliana alijipenyeza kutoka ndani, mkono mmoja kashika kipande cha satini, mkono mwingine nyuzi za aina tatu. Alikuwa fundi cherehani, na hakuna fundi mwenye akili zake anayechagua uzi chini ya taa ya dukani. Taa hudanganya. Uzi huchaguliwa juani.

Mlangoni akamkuta mwanamume amekaa juu ya kreti la soda, kainua mkanda wa video juu ya kichwa, anauchungulia kwenye mwanga kama mtu anayetafuta yai viza.

"Kaka, unanizibia jua."

Hakugeuka. "Na wewe dada unanizibia mlango."

"Mlango ni wa Mzee Hirji."

"Na jua?"

"La Mungu. Sogea."

Akasogea. Ndipo alipomwona vizuri: gauni la kitenge cha bluu lenye maua ya njano, limemkaa mwilini kwa sababu amelishona mwenyewe; sindano mbili zimechomekwa kifuani karibu na moyo; na upepo wa Singida, ule usiojua kupumzika, unalipeperusha pindo lake huku na huku. Mwanamume akashusha mkanda.

"Unatafuta nini humo?" Emiliana akauliza.

"Ukungu. Mkanda ukikaa sana unaota ukungu, kama mkate."

"Siku hizi kuna mtu bado anaangalia mikanda?"

"Mimi. Ndiyo kazi niliyopewa."

Akamweleza kwamba anaitwa Sostenes, kwamba zamani Mzee Hirji alikuwa akikodisha sinema mji mzima, na kwamba mikanda mia tatu na zaidi bado imelala stoo. Watoto wa mzee walio mbali wanataka sinema zao za utotoni kwenye flashi. Lakini si kila mkanda unafaa kuhamishwa. Sostenes anauangalia mmoja mmoja, kisha anaandika kwenye kadi: Safi, Inavumilika, au Tupa.

"Yaani kazi yako ni kuangalia sinema tu!"

"Siangalii sinema. Naangalia picha. Ukiniuliza mwishoni nani alimwoa nani, sijui. Ukiniuliza majani ya mti yalikuwa ya kijani gani, nakwambia."

"Haya, niambie. Hii satini inaendana na uzi upi?"

Akainama kwa heshima zote. "Huo wa katikati."

"Huu? Huu una unjano. Nikishonea utaonekana kama kovu."

"Mimi naona zote tatu ni sawasawa."

"Ndiyo maana mimi ni fundi na wewe ni mtazama sinema."

Sostenes akacheka mpaka akina mama wakageuka. "Nipe namba yako basi. Nikipata rangi inayonisumbua nikuulize."

"Sema tu unataka namba."

"Nataka namba."

Akampa.

Simu zilianza jioni ile ile. Emiliana alikuwa akisoma masomo ya jioni, anarudia kidato cha nne alichochelewa nacho, na saa moja kamili akitoka darasani simu ilikuwa ikiita.

"Halo, mtazama sinema."

"Mama Eliza, nina shida. Kuna bahari hapa kwenye kioo, sijui ni bluu au ni kijani."

"Mimi bahari naijulia wapi? Mimi nimezaliwa Ihanja."

"Basi fananisha na ziwa Singidani."

"Singidani ya asubuhi au ya jioni?"

"Ya saa hizi. Ya wewe ukiwa njiani unarudi nyumbani."

"Ya saa hizi ina rangi ya njaa. Acha nikampikie mtoto."

Wakacheka wote wawili, na hakuna aliyekata simu kwanza.

Eliza alikuwa na miaka mitatu. Baba yake aliondoka mimba ikiwa ya miezi mitano, akaacha shati moja kwenye kamba. Tangu hapo Emiliana alijifunza kulala mlalo wa mtu mwenye mtoto mgongoni: jicho moja wazi. Sostenes alikuwa na miaka thelathini na minane, hajaoa, na watu wa Mandewa, mtaani kwa Emiliana, walisema ana sababu. Emiliana hakuuliza sababu. Alimwona anavyomkatia Eliza kucha, polepole, ulimi nje, akaona hiyo inatosha.

Kisha kukawa na Mughwai. Mughwai alikuwa mwendesha bodaboda, kijana wa mtaani kwao, na ndiye aliyekuwa akimrudisha Emiliana nyumbani kutoka darasani.

"Huyo Mughwai kila siku lazima akupakie yeye?"

"Ni bodaboda, Sostenes. Kazi yake ni kupakia."

"Mbona abiria wengine hawasubirii getini?"

"Una wivu."

"Sina wivu. Napima tu picha, naona ina chenga."

"Una wivu, mpenzi wangu. Sema."

"Ninao," akasema kwa sauti ndogo. "Mwingi."

Emiliana akaacha pikipiki ya Mughwai. Akawa anatembea kwa miguu mpaka Mandewa, visigino vya viatu vikaliwa upande mmoja, na hakusikitika. Wivu ule ulimpendeza. Baba yake Eliza hakuwahi kuuliza hata siku moja nani amempakia.

Kule stoo kazi iliendelea, ila mzee mwenye mikanda hakuwa na furaha.

"Sostenes, hii nayo umeandika Tupa?"

"Mzee, angalia mwenyewe. Sura za watu nyekundu kama nyanya. Rangi imemwagika."

"Mimi nimeikodisha sinema hii miaka kumi na miwili. Nimeiona mara arobaini. Watu humu walikuwa na sura za watu! Na sari ya yule dada ni zambarau, wewe unanionyesha nyekundu."

"Macho yamechoka, mzee wangu."

"Macho yamechoka, sawa. Na kumbukumbu?"

Sostenes alitabasamu kwa adabu, akaitupia sinema kwenye katoni la Tupa. Katoni likajaa, likaja la pili. Yote yangebebwa na gari la taka Jumamosi fulani ya mwezi wa tisa.

Jumamosi hiyo hiyo ndiyo waliyopanga barua ya posa ipelekwe Ihanja kwa wazazi wa Emiliana. Karibu miezi sita ilikuwa imepita tangu lile jua la mlangoni. Washenga walishapatikana, na mama yake Emiliana alishamtenga jogoo.

Jumanne ya wiki ile, Emiliana aliamka na mapenzi. Akachemsha viazi vitamu akavitia kwenye hotipoti, akakaanga karanga, akajaza chai ya maziwa kwenye chupa, akaenda dukani mapema kuliko siku zote. Akampita mzee akifungua milango, akamwamkia, akaingia nyuma. Stoo ilikuwa na pazia. Alikuwa tayari kuita "hodi" aliposikia muziki wa sherehe.

Akachungulia.

Kwenye televisheni ya kichogo kulikuwa na ukumbi uliopambwa kwa karatasi za kumetameta. Msichana alikuwa anaingia akicheza taratibu, gauni jekundu kama pilipili iliyoiva, shingoni limetariziwa kwa uzi wa dhahabu. Akafika mbele ya kamera, akainua macho, akatabasamu. Sostenes akaisimamisha picha hapo hapo. Akapiga goti, akaanza kuzungusha kitufe kidogo chini ya kioo kwa ncha za vidole, kama anayemfuta mtu machozi. Nyekundu ikazidi kuwaka.

"Hapo sasa," akanong'ona. "Hapo ndipo ulipo."

Chupa ya chai ikagonga ukuta. Sostenes akageuka.

"Nani huyo?" Emiliana aliuliza.

"Emi! Mbona mapema? Karibu, karibu..."

"Nimeuliza nani huyo."

"Huyu? Ni kipimo changu." Alijifuta mikono ambayo haikuwa na kitu. "Ngoja nikueleze. Sinema zote hizi, mimi sikuwepo zilipopigwa. Sijui nguo za wale watu zilikuwa na rangi gani hasa. Lakini huu mkanda niliupiga mimi, kwa kamera ya begani, kwenye send-off ya huyo dada, mwaka elfu mbili na sita. Gauni nililiona kwa macho yangu. Kwa hiyo kila asubuhi naanza na huu. Narekebisha TV mpaka gauni liwe kama lilivyokuwa, ndipo naweka sinema na kuzipima."

"Kila asubuhi."

"Dakika moja tu."

"Na yeye ni nani kwako?"

"Mteja."

"Mteja tu?"

"Mteja tu, Emi."

Lilikuwa neno moja, na alilisema haraka mno. Emiliana akaweka viazi juu ya katoni la Tupa, akaondoka.

Kibarazani alikoshonea, alikaa jirani na Yustina, fundi mwenzake, mwanamke aliyejua habari za Singida yote kuanzia mwaka aliozaliwa na nyingine za nyuma ya hapo.

"Dada Yustina, unamfahamu mtu anaitwa Jenipher? Nimeona jina kwenye mkanda wa Sostenes. Alifanyiwa send-off elfu mbili na sita."

Yustina akatoa mguu kwenye cherehani. "Nani kakwambia habari za Jenipher?"

"Kwa hiyo zipo."

"Mdogo wangu, mimi sipendi maneno." Akavuta kigoda. "Sostenes alimpenda yule binti kufa. Alienda mpaka kwao na mshenga, wakamwambia amechelewa, binti ana mtu wa Mitundu. Basi si angekaa kwake atulie? Wiki tatu baadaye wakamkodi akapige video ya send-off."

"Akaenda?"

"Akaenda! Na kamera begani. Akampiga picha tangu anaingia mpaka anakata keki, anakabidhiwa kwa mwenzake. Watu walicheka mwezi mzima. Tangu siku hiyo umemwona na mke?"

Siku hiyo Emiliana alishona mkono wa kulia wa shati upande wa kushoto.

Saa moja jioni simu ikaita. Safari hii hakusema "mtazama sinema."

"Ulisema mteja."

"Emi..."

"Sostenes, ulisema mteja."

"Nilimpenda. Ndiyo."

"Ulimpenda au unampenda?"

"Miaka kumi na saba sasa. Ana mume, ana watoto. Sijamtia machoni tangu siku ile."

"Unamtia machoni kila siku! Mimi unanipigia saa ngapi? Saa moja jioni, mchana wote umekwisha. Yeye unamwangalia saa mbili asubuhi, kabla hujanywa hata maji."

"Ni rangi tu ninayoangalia."

"'Hapo ndipo ulipo.' Hiyo ulikuwa unaiambia rangi?"

Emiliana akahamishia simu sikio la pili.

"Mimi nimeacha pikipiki ya Mughwai. Natembea, viatu vimeisha visigino, kwa ajili ya wivu wako. Kumbe wewe wa kwako umemhifadhi kwenye deki. Jumamosi washenga wasiende Ihanja. Mama asichinje jogoo wake bure. Nimeshaachiwa shati kwenye kamba mara moja, Sostenes. Sitaki kuolewa na mtu ambaye kila asubuhi anaanza kwa mwanamke mwingine."

Akakata.

Kesho yake akafanya kitu ambacho hakuwahi kujidhania. Alimwita Mughwai mchana kweupe, akavaa lile gauni la bluu, akapanda pikipiki, akamwambia apite mbele ya duka la Mzee Hirji. Walipofika usawa wa mlango akaachia kicheko kikubwa.

"Nimesema nini?" Mughwai akauliza, amechanganyikiwa.

"Endesha."

Sostenes alikuwa mlangoni, juu ya kreti lake. Aliona yote. Akarudi stoo, na siku hiyo aliandika Tupa kwenye mikanda kumi na moja.

Alhamisi asubuhi akaja mteja kibarazani kwa Emiliana. Mwanamke mnene, mcheshi, nywele fupi, viatu vina vumbi jekundu la safari.

"Habari za kazi, fundi. Nimetoka Mitundu, nimeelekezwa kwako. Binti yangu ana mahafali, anamaliza kidato cha nne. Nataka unipunguzie gauni langu la zamani alivae yeye."

Akalitoa kwenye mfuko, akalitandika juu ya meza ya kukatia.

Emiliana aliiona shingo kwanza. Maua saba ya uzi wa dhahabu, na moja kati yake lilikuwa limetariziwa kichwa chini. Fundi haachi kuona kosa la fundi mwenzake, hata akilichungulia kwenye pazia huku moyo unamuuma. Ua lile alishaliona.

"Karibu, dada," akasema taratibu. "Nikuandike nani?"

"Jenipher."

Mkasi ulikuwa mkononi. Tusidanganyane: Emiliana aliuangalia mkasi, akaliangalia gauni, akapiga hesabu ya dakika ngapi zingetosha. Kisha akaona jambo lililomfanya auweke chini.

Gauni halikuwa jekundu.

Lilikuwa damu ya mzee. Rangi nzito, tulivu, ambayo kwenye mikunjo ilikaribia zambarau.

"Limepauka, eeh?" akauliza.

"Hata! Liko vilevile. Mama ndiye aliyechagua kitambaa. Alisema jekundu la kuwaka si la binti anayeagwa."

Emiliana hakuridhika na maneno. Akageuza gauni ndani nje, akafumua nyuzi chache za pindo. Ndani ya pindo ndipo nguo inapotunza ukweli wake, maana jua halifiki wala sabuni haisugui. Akafunua. Damu ya mzee, ile ile.

"Una video ya siku hiyo, dada?" Aliuliza bila kumwangalia.

"Nilikuwa nao mkanda. Kifungua mimba wangu aliuvuta utepe wote akauruka kamba. Watoto wangu hawajawahi kuniona nilivyokuwa." Jenipher akacheka. "Na aliyepiga, unajua alikuwa kijana aliyekuja kuniposa? Maskini. Mikono ilimtetemeka mpaka picha inacheza. Mume wangu alidhani kalewa. Nani vile... jina linanitoka. Stefano?"

"Sostenes!" Emiliana alisema kwa ukali, mpaka Jenipher akashtuka.

"Unamfahamu?"

"Namfahamu."

Ajabu ya moyo. Siku mbili alikuwa akimchukia mwanamke huyu kwa sababu Sostenes alimkumbuka. Sasa alimwonea hasira kwa sababu yeye hakumkumbuka Sostenes. Unamsahauje mtu anayekata kucha za mtoto ulimi nje?

"Niachie gauni mpaka kesho," akasema. "Na uniruhusu nilitoe nje kidogo. Kuna rangi nataka kuipima."

Alikwenda mwenyewe, kwa miguu. Mzee Hirji alikuwa amekaa stoo kati ya makatoni mawili ya Tupa kama mtu aliyekaa na wafiwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Umekuja kumuua au kumwoa?"

"Bado sijajua."

Sostenes alisimama. Hakuwa amenyoa ndevu tangu Jumanne, na hotipoti ya viazi ilikuwa imeoshwa, imewekwa juu ya deki.

"Weka mkanda wako," Emiliana akamwamuru.

"Emi, nimeshaamua sitautumia te..."

"Weka."

Akaweka. Msichana akaingia akicheza, akainua macho, akatabasamu, picha ikasimama.

"Gauni lake rangi gani?"

"Jekundu. Kama pilipili. Nilikuwepo."

Emiliana akafungua dirisha, jua likaingia. Akalikunjua gauni, akalitundika kando ya kioo. Lile la kwenye kioo liliwaka kama kaa la moto. Lile la kwenye ukuta lilitulia.

Sostenes alisogea. Akanyoosha mkono, hakuligusa. "Umelipata wapi?"

"Mwenyewe kaniletea nipunguze. Kwa ajili ya binti yake."

"Litakuwa limepauka. Miaka kumi na saba..."

Emiliana akamfunulia pindo. "Hapa halijaona jua tangu lishonwe. Angalia."

Akaangalia muda mrefu.

"Hukuliona jekundu, Sostenes," Emiliana akasema, na hasira ilikuwa imemtoka bila yeye kutaka. "Ulilikumbuka jekundu. Kila asubuhi unaongeza rangi mpaka lifanane na maumivu yako, halafu unaweka sinema za watu unashangaa sura zao zinaungua."

Emiliana akapiga goti mwenyewe. Akazungusha kitufe, akiangalia ukutani, akiangalia kiooni, ukutani, kiooni, kama anayechagua uzi. Nyekundu ikashuka. Ikapoa. Magauni mawili yakawa moja.

Na uso wa Jenipher nao ukapoa. Ukawa uso wa msichana wa kawaida, amechoka kidogo, viatu vinambana. Sasa ndipo Sostenes alipoona macho yake. Hayakuwa kwenye kamera. Yalipita juu ya bega la mpiga picha, kwenda kwa mtu mwingine aliyesimama nyuma.

"Hakuwa ananitazama mimi," akasema.

"Hapana," Emiliana alijibu. Alidhani atafurahi kulisema neno hilo. Hakufurahi.

Mzee Hirji hakuwa na muda wa huzuni za watu. Alishachomoa mkanda mmoja kutoka katoni la Tupa. "Weka huu! Usiguse kitufe, weka hivyo hivyo!"

Wakaweka. Mistari kidogo, chenga kidogo, kisha mwanamke akashuka ngazi akiimba, uso una rangi ya uso, na sari yake ilikuwa zambarau.

"Zambarau!" Mzee akapiga makofi, machozi yanamlenga. "Nilisema nini? Miaka kumi na miwili nimeikodisha! Macho yamechoka, eti!"

"Nisamehe, mzee wangu," Sostenes alisema, ameinamisha kichwa. "Nitazirudia zote. Tangu ya kwanza."

"Utazirudia, na binti huyu akae hapo kwenye kitufe." Akabeba mkanda wake kifuani, akatoka nao dukani kuwatangazia wateja.

Wakabaki wawili.

"Nilikudanganya neno moja," Sostenes akasema.

"Neno moja limenipandisha pikipiki ya Mughwai."

"Nilikuona. Ulicheka sana."

"Hakukuwa na cha kuchekesha. Muulize."

Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likamwisha. "Emi, sikuwa namtaka yeye. Nadhani nilikuwa nataka siku moja tu niwe nimetazamwa vile. Halafu ukaja wewe na nyuzi zako ukaniambia nisogee, na mimi mjinga sikujua kwamba ndiyo kutazamwa kwenyewe." Akashusha pumzi. "Sasa kipimo changu kitakuwa nini? Nikupige video wewe. Umevaa lile la bluu, pale mlangoni, na..."

"Thubutu! Mimi usinisimamishe kwenye kioo natabasamu miaka kumi na saba. Nitanenepa. Nitazeeka. Nitakuja na viazi nimenuna. Uniangalie hivyo hivyo, na uanze na mimi asubuhi."

"Saa mbili?"

"Kabla hujanywa maji."

Ijumaa Jenipher alipofuata gauni lake, alikuta na flashi juu yake, na kadi imefungwa kwa uzi wa dhahabu. Sostenes alikuwa amekaa kibarazani. Emiliana alisimama katikati yao kama mwamuzi wa mpira, maana kusamehe si kupofuka.

"Kumbe ni wewe!" Jenipher akapiga kelele ya furaha. "Stefano!"

"Sostenes," wakasema wote wawili kwa pamoja, na Yustina akazika kicheko ndani ya shati alilokuwa akilishona.

Jenipher akasoma kadi. Mwandiko ulikuwa wa Emiliana, ule wa masomo ya jioni, herufi zimesimama wima: *Picha: safi. Rangi: damu ya mzee. Mpiga picha: alitetemeka, lakini hakuzima kamera.*

Aliisoma mara mbili. Safari hii alimtazama Sostenes vizuri, usoni, kwa mara ya kwanza tangu wamezaliwa. "Asante, kaka," akasema. "Wanangu wataniona."

Sostenes akaitikia kwa kichwa. Emiliana alimchunguza akiitikia, kwa jicho la mtu anayekagua mshono. Hakuona uzi uliofumuka.

Jumamosi saa tano asubuhi alikuwa Ihanja nyumbani kwao, jikoni na mama yake, Eliza yuko mgongoni amelala. Simu ikaita.

"Emi, nina shida ya rangi."

"Sostenes, washenga wako wapi? Baba ameshavaa koti."

"Hiki kitambaa cha kufungia barua. Mzee Hirji anasema ni cheupe, mimi naona kina kitu. Sitaki barua yangu iingie kwenu na kovu."

"Umekiangaliaje?"

"Dukani, chini ya taa."

"Mungu wangu! Nimekufundisha nini miezi yote hii? Kitoe nje, juani."

"Nimekitoa. Chungulia."

Emiliana akatoka mlangoni. Kule ng'ambo ya shamba la alizeti lililokwisha kuvunwa, kwenye barabara kuu, pikapu ya Mzee Hirji ilikuwa imeegeshwa, na wazee wawili wa makoti wakishuka. Kando yao alisimama mtu aliyeinua mkono juu. Upepo ulikuwa umekikamata kitambaa na kukitandaza chote.

"Wewe hutakiwi kuwepo!" akasema kwenye simu. "Mwoaji haji na barua!"

"Sijaja. Niko barabarani tu. Namzibia mtu jua?"

Emiliana akakaza macho. Alikiangalia kile kitambaa jinsi alivyoangalia kila kitu, kama fundi, bila huruma.

"Kina unjano kidogo," akasema.

"Turudi tukabadilishe?"

Nyuma yake mama yake alikuwa anauliza nani huyo, na jogoo alishaanza kuchemka sufuriani.

"Acha kiwe na unjano," akasema. "Waambie waingie."